Mkwe Wangu Si Mmarekani

Tangu nirudi kutoka Nyarugusu, kila ninayekutana naye baada ya misa ananiuliza habari za "yule mkwe wako Mmarekani". Naomba tuanze hapo. Mkwe wangu si Mmarekani. Ni Mkanada. Aliyeeneza Umarekani wake ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kuanzia hapa Ushirombo, Kahama, mpaka Nyarugusu, na yote yaliyotupata njiani yalitokana na hilo. Ninaandika ili nisirudie kusimulia mlangoni kwa kila mtu, na ili anayetaka kunicheka anicheke kwa mambo ya kweli.

Mnajua kwamba Veronika wangu ni muuguzi huko Kanada. Mchumba wake anaitwa Dankani, mtoto wa wakulima wa ngano. Alikuja kumaliza mambo ya mahari. Lakini mahari ya nyumba yetu siwezi kuyapokea peke yangu. Mimi ni Kulwa, na pacha wangu Doto anaishi Nyarugusu. Marehemu baba alituachia neno: binti wa mmoja wetu haozwi mpaka mchumba afike kwa yule mwingine, aonekane, asemeshwe. Doto akikataa, ng'ombe wanarudi walikotoka.

Na kati ya nchi zote za dunia, Doto ana ugomvi na Kanada.

Miaka ya nyuma ilikuja Nyarugusu kampuni ndogo ya utafiti wa madini. Jina lake siliandiki, na sidhani kama bado ipo. Ilizungushia waya eneo ambalo Doto na wenzake walikuwa na duara lao, yaani shimo la dhahabu walilolichimba kwa mikono. Ikatoboa ardhi hapa na pale, ikauza haki zake kwa wengine, ikaondoka. Waya ukabaki na mlinzi wake. Kwa Doto, ukitaja Kanada haoni nchi, anaona waya. Basi aliponiuliza kwenye simu mchumba ni wa taifa gani, ulimi wangu uliteleza kwa makusudi. Nikasema Marekani.

Shinyanga mpaka Kahama

Nilimpokea stendi ya Shinyanga akitoka Dodoma. Ni mrefu, ana mabega ya mtu aliyebeba magunia, na kichwani alivaa kofia nyekundu yenye jani jeupe. Kiswahili amefundishwa na Veronika, kinatoka polepole, kama mtu anayepanga matofali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hiyo kofia itakuletea joto."

"Hapana, Baba. Ni nzuri."

Nilitaka aivue kwa sababu ya lile jani. Yeye alidhani namwonea huruma na jua, akaikandamiza zaidi kichwani.

Gari lilikuwa la kukodi, dereva akiitwa Shija, mtu wa maneno. Hatujatoka mjini akauliza, "Shemeji, hilo jani ni la muhogo?"

"Ni la mti wa kwetu. Unatoa sukari."

"Mti?"

"Mti. Unautoboa, maji yanatoka, unachemsha."

Shija alicheka mpaka Tinde. Akasema watu wa huko wana uongo mzuri, wangefaa kuwa madalali wa dhahabu.

Njiani Dankani alitueleza habari za uchaguzi wao, uliokuwa umemalizika siku si nyingi. Kiongozi wa Marekani, jirani yao mkubwa, alikuwa amesema hadharani kwamba Kanada ingefaa iwe jimbo lake. Watu wakakasirika mpaka wale ambao hawakuwahi kutundika bendera wakaitundika. Wakaacha kununua bidhaa za jirani. Mama yake, ambaye amekunywa juisi ya machungwa ya jirani maisha yake yote, sasa asubuhi anakunywa maji.

"Yaani ni kama Tanzania iambiwe ni wilaya ya mtu," Shija akasema.

"Ndiyo. Wilaya ya mtu."

"Na chama chako kilishinda?"

"Kilishindwa."

"Pole."

"Asante. Lakini nchi haikushindwa."

Alisema hivyo akitazama mbele, kidevu juu. Nilimpenda kwa neno lile, na hapohapo nikaogopa, maana mtu wa namna hiyo hafichiki.

Kahama tulisimama kula wali na maharage. Nami nimelelewa kwamba baba mkwe na mkwilima, yaani mkwe wa kiume, hawatazamani wakila kabla ya mahari kupokewa. Nikageuza kiti changu, nikampa mgongo. Baada ya muda nikasikia sauti ya huzuni nyuma yangu.

"Baba, nimekosa nini?"

"Hujakosa," Shija akamjibu. "Mkwilima hamwoni baba mkwe akitafuna. Ni heshima. Ukimaliza kohoa, atageuka."

Alikohoa kwa bidii mpaka mwenye mgahawa akaleta maji. Mama huyo akaniuliza, "Mzungu wenu wa wapi, baba?"

"Marekani," nikasema. Nilifikiri nafanya mazoezi tu.

Ushirombo, bila kushuka

Njia fupi ya kutoka Kahama kwenda Nyarugusu ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo ilitubidi kuzunguka: Ushirombo, Runzewe, Katoro, halafu kurudi kusini. Maana yake ni kwamba tungepita mbele ya nyumbani kwangu, na mchumba haruhusiwi kukanyaga kwa bibi harusi kabla Doto hajamwona.

Veronika, aliyekuwa ametangulia kurudi kwa likizo, alijua saa tutakayopita. Tulimkuta kando ya barabara, anachagua vitunguu kama mtu asiyemsubiri yeyote. Shija akapunguza mwendo bila kuambiwa. Dankani akashika mlango.

"Ukishuka nitakurudisha Shinyanga," nikamwambia.

Akauachia. Veronika alikuja na vitunguu mkononi mpaka dirishani kwangu.

"Shikamoo, Baba. Mmemlisha?"

"Amekula akitazama mgongo wangu."

Alicheka, halafu akaacha kucheka, akainama na kuninong'oneza. "Baba mdogo umemwambia ni Mkanada?"

"Mambo ya baba yako mdogo niachie mimi."

"Baba, umemwambia?"

Nikamwambia Shija aondoe gari. Ndiyo jibu nililompa binti yangu, na ningekuwa na uwezo wa kurudisha siku nyuma, ningeirudisha mpaka pale kwenye vitunguu.

Runzewe, kwa fundi wa matairi

Kabla ya Runzewe tairi lilipasuka, na la akiba nalo halikuwa na upepo. Tukaingia mjini tukichechemea. Fundi akasema atashughulikia, lakini mbele yetu kulikuwa na lori la mbao, pikipiki kadhaa na trekta la misheni. Tukakaa.

Mama wa kibanda cha jirani akamletea Dankani soda baridi, ya zile nyeusi. Akaikataa kwa adabu, mkono kifuani.

"Unaumwa sukari?" mama akamuuliza.

"Hapana, Mama. Hii ni ya jirani yetu. Tumeacha."

"Jirani gani? Soda inatoka Mwanza hii."

"Mwenye kiwanda wa Mwanza, mwenyewe wake ni jirani."

Mama akanitazama. "Baba, huyu mgeni wako anagombana na soda?"

Akamletea togwa, na Dankani akainywa yote, akaomba nyingine. Watu wakaanza kusogea, maana mzungu anayekunywa togwa kwa fundi wa matairi ni burudani ya bure. Mmoja akaniuliza wa wapi. Nikajibu kama nilivyozoea. Hapo mambo yakaharibika, kwa sababu kila mtu Runzewe ana maoni juu ya Marekani.

"Mwambieni rais wake aturudishie dawa za msaada alizozikata," akasema mmoja.

"Huyo ndiye mwanaume," akasema mwingine. "Akitaka nchi ya mtu anaitaja mchana kweupe. Si kuna kanchi kule juu anakataka? Mpe hongera, mzee."

Akampa Dankani mkono. Dankani aliutazama ule mkono, uso ukiwa mwekundu kuliko kofia.

"Hako kanchi ni kwetu," akasema.

"Kwenu si Marekani?"

"Hapana."

Watu wote wakanigeukia. Nikasema mgeni amechoka, Kiswahili kimemchanganya. Wakacheka, wakampa pole ya uchovu. Naye hakucheka. Aliingia kwenye gari lililokuwa bado juu ya jeki, akakaa humo mpaka tairi likawa tayari.

Katoro

Katoro ilikuwa siku ya pilikapilika, bodaboda zinapita hata mahali ambapo mtu amesimama. Tuliingia duka moja kumnunulia Doto blanketi na sukari, kwa kuwa mchumba haendi mikono mitupu. Mwenye duka ni mtu wa asili ya Tanga, maneno yake laini kama kitambaa anachouza.

"Karibuni, wazee wangu. Na mgeni wetu huyu katokea wapi?"

Nilikuwa nikipapasa blanketi, sikufikiri. "Marekani."

Dankani aliweka sukari juu ya meza, taratibu.

"Baba. Umesahau tena?"

"Ah, ulimi wa uzee."

"Baba, kwetu sasa neno hili linauma. Zamani nilicheka tu. Watu walikosea, nilicheka. Sasa hapana." Alitafuta maneno. "Mtu anataka kuchukua nyumba yako. Halafu baba mkwe anakuita kwa jina la huyo mtu."

Mwenye duka alijifanya anapanga kanga. Pale ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningemwambia kwamba sikusahau, ningempigia Doto simu palepale, tungeingia Nyarugusu tukijulikana. Nikasema, "Nitakumbuka." Akaamini, akachukua sukari yake.

Mwenye duka alinishika mkono wakati tunatoka. "Mzee, huyo kijana si mtu wa kuvishwa jina."

"Uza blanketi zako," nikamwambia.

Nyarugusu

Ukikaribia Nyarugusu unasikia kwanza karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, halafu ndipo unaona watu wakiwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Doto alikuwa mlangoni kwake anatusubiri. Mkewe amechemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kuna mbuzi jikoni, majirani wamejaa uani.

Na Doto, kwa heshima ya mgeni, alikuwa amekwenda mnadani kwenye mitumba akajitafutia fulana ya bendera ya Marekani. Nyota kifuani, mistari tumboni. Ilimbana kidogo. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Karibu, Mmarekani wetu," akasema, na kufungua mikono.

Dankani alisimama kati ya gari na mlango. Aliitazama fulana, akanitazama mimi, akamtazama tena Doto, ambaye ana uso uleule nilio nao. Nikaona anaelewa. Alivua kofia yake nyekundu, akaishika kwa mikono yote miwili mbele yake, jani likimwelekea Doto.

"Shikamoo, Baba mdogo. Mimi si Mmarekani. Mimi ni Mkanada. Nimetoka Kanada, nitarudi Kanada. Nimekuja kumwomba Veronika."

Doto alishusha mikono.

"Kanada hii ya waya?"

"Sijui waya," Dankani akasema.

"Kaka," Doto akaniita bila kunitazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanipigia simu ukaniambia nini?"

"Marekani."

"Nikavaa fulana hii mbele ya majirani zangu."

Dankani akanigeukia, na sauti yake ilikuwa chini. "Baba, hukusahau. Ulinificha."

"Nilikuficha. Niliogopa atakukataa."

"Huyu simkatai bado," Doto akasema. "Ungeniletea Mkanada amesimama na Ukanada wake, ningegombana naye hapa, tukamaliza au tusimalize. Wewe umeniletea mtu amefunikwa gunia. Mahari ya mtu wa kwenye gunia sipokei."

Aliivua ile fulana palepale, akabaki kifua wazi, mzee wa umri wangu. Mkewe akaleta shati. Akiwa anafunga vifungo akamwuliza Dankani, "Huko kwenu, nasikia mnasema nchi yenu haiuzwi."

"Haiuzwi. Watu wote wamesema. Waliotushinda wamesema, na sisi tulioshindwa tumesema."

"Na mimi hapa nilisema haiuzwi. Watu wa kwenu walinisikia?"

"Baba mdogo, kampuni si nchi. Mimi ni mkulima."

"Walipokuja kutuketisha kwenye mkutano hawakusema ni kampuni. Walitundika kitambaa chenye jani hilohilo lililo kwenye kofia yako. Wakasema wao ni Kanada, watu wema, wanaoheshimu. Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi."

Dankani aliitazama kofia mikononi mwake. Halafu akasema, "Nipeleke nione."

Kwenye waya

Tulikwenda kwa miguu, majirani wakatufuata. Waya una kutu, nguzo nyingine zimelala, ndani kumeota majani marefu mahali lilipokuwa duara la Doto. Duara lake jipya liko nje, karibu na waya kiasi kwamba udongo anaoutoa unaangukia kwenye nguzo. Sikuwahi kujua. Nilimwuliza kwa nini hakuchimba mbali zaidi, penye miamba laini.

"Ili kila asubuhi wanione," akasema.

"Wao nani? Wamekwishaondoka."

"Atakayekuja."

Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, mtu mzima, koti limempwaya. Alipomwona Dankani akajiweka sawa. "Karibu, bosi. Wewe unaweza kusogea ukague." Kisha akatugeukia sisi. "Wazee, nyinyi rudini nyuma ya alama. Mnajua utaratibu."

Tulirudi nyuma. Nasema kweli, miguu yangu ilirudi yenyewe, kama inavyorudi kila mara ninapoambiwa na mtu mwenye koti. Dankani naye akarudi, akasimama kati yangu na Doto.

"Bosi, sikukuambia wewe."

"Mimi ni mgeni wa wazee hawa," akasema. "Nakaa walipo."

Kuna bati lilikuwa limefungwa kwenye nguzo iliyolala upande wetu wa alama, rangi imebanduka, lakini ukitazama vizuri jani unaliona. Dankani aliligusa kwa kidole, akapangusa vumbi lake kwenye suruali.

"Kwetu tunasema, hii nchi ni yangu," akasema, akimtazama Doto. "Nimesema sana mwaka huu. Nimepiga kelele. Siwezi kusema ni yangu siku ya bendera, halafu siku ya waya ni ya kampuni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo waya huu pia ni wangu. Siwezi kuutoa. Lakini unidai mimi."

Doto hakulegea. Mnamjua, hajawahi kulegea tangu tuko watoto. Alimwangalia kama anavyopima jiwe kabla ya kulipeleka kwenye karasha.

"Nitakudai," akasema. "Katika mahari ataongezwa mtamba. Jina lake litakuwa ng'ombe wa waya, na atatajwa kwa jina hilo mbele ya watu wote. Si fidia, fidia yangu huwezi kuilipa. Ni faini, ili wajukuu wakiuliza ametoka wapi waambiwe."

"Nitamlipa."

"Utamtaja mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nitamtaja."

"Na wewe, kaka." Hapo ndipo aliponigeukia. "Faini yako ni hii. Kikao cha mahari nitakiongoza mimi. Baba mzazi atakaa, hatasema neno mpaka mwisho. Ukisema, mbuzi."

Nilikuwa nimeisubiri siku ile tangu Veronika azaliwe. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu. Nikainamisha kichwa, nikasema sawa.

Tuliporudi uani mbuzi alikuwa ameungua upande mmoja. Tulimla hivyohivyo.

Kikao, Ushirombo

Mlikuwepo wengi, lakini mliokaa nje hamkuona vizuri. Doto alikaa kwenye kiti changu. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni, mdomo nimeufunga. Dankani alivaa kofia yake, na wazee hawakumwambia aivue, kwa kuwa Doto alikuwa amekwisha kuwaonya.

Ng'ombe walitajwa mmoja mmoja. Walipomfikia mtamba wa mwisho, Dankani alisimama, akasema huyu ni ng'ombe wa waya, anatoka Kanada, kwa sababu ya waya wa Nyarugusu. Hakupunguza neno. Watu wa nyuma hawakuelewa. Mzee mmoja wa upande wa mama yake Veronika akapaza sauti.

"Kanada imeingiaje hapa? Si tuliambiwa ni Mmarekani? Nani alisema?"

Doto alinitazama kwa upande. Alikuwa na jibu tayari, nilimwona anavuta pumzi, na najua angelisema vizuri, kwa utani, angenifunika mbele ya wakwe na watu wangecheka tukaendelea. Alikuwa ananihurumia. Ndicho nilichoshindwa kukivumilia. Nimefunika watu, sitaki kufunikwa.

Nikasimama.

"Ni mimi niliyesema," nikasema. "Nilidanganya kwa woga. Kijana ni Mkanada, amekataa kuitwa vingine mbele ya wachimbaji wa Nyarugusu, na binti yangu namwoza Mkanada."

"Kaka, mbuzi," Doto akasema.

"Mchukue yule beberu mwekundu. Na sijamaliza."

"Wawili, basi."

"Wawili," nikasema, na nikaendelea kuzungumza.